Kufungua boksi la seti ya rezini ya kugeuzia roboti la Gundam: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Boksi lilifika likiwa dogo kuliko boksi la viatu vya mtoto. La kaki, halina mbwembwe, limebandikwa karatasi moja tu yenye picha ya rangi. Ndani mlikuwa na mifuko mitano ya nailoni, vipande 61 vyenye rangi ya maziwa ya mgando (karatasi inasema 62, tutafika huko), maelekezo kwa Kijapani, na harufu kama ya duka la vipuri vya magari. "Pesa yote ile kwa hivi tu?" aliuliza mdogo wangu. Swali lake limo humu, pamoja na mengine ninayoulizwa kila nikifungua boksi jipya.

Seti ya kugeuzia ni nini hasa?

Ni nusu ya modeli. Unakuwa na modeli kamili ya plastiki, halafu seti inakupa vipande vya rezini (kimiminika kinachomiminwa na kuganda kikawa kigumu) vya kuweka mahali pa baadhi ya vile vya plastiki, ili roboti ulilonalo liwe roboti jingine ambalo kiwanda hakijalitoa, au kimelitoa kwa sura usiyoipenda. Hii yangu inaigeuza modeli ya roboti Zaku II, ya kipimo cha 1/100. Inaleta kichwa, mabega, mkoba wa mgongoni na miguu kuanzia gotini kushuka chini. Kiwiliwili, mikono, nyonga na mifupa yote ya ndani vinatoka kwenye plastiki. Ile ya plastiki naiita modeli mama, na hapa nitaendelea kuiita hivyo.

Kwa aliye mgeni kabisa: Gundam ilianza kama katuni ya televisheni huko Japani mwaka 1979, na Bandai, kampuni ya vinyago, wakatoa modeli ya kwanza Julai 1980, kipimo cha 1/144, kwa yeni 300. Kwenye hadithi roboti Gundam ana urefu wa mita 18, kwa hiyo kwenye 1/144 anakuwa sentimita 12 na nusu, na kwenye 1/100 anakuwa sentimita 18. Zaku ni wa upande wa pili, yule mwenye jicho moja na mabomba usoni. Kwa macho yangu ndiye aliyechorwa vizuri kuliko wote, lakini hayo ni mapenzi.

Mbona seti inaweza kuwa ghali kuliko modeli yenyewe?

Modeli ya plastiki hutoka kwenye kalibu za chuma. Kalibu hizo ni ghali mno kuzichonga, ila zikishachongwa, mashine inasukuma plastiki ya moto ndani na kutoa maelfu kwa maelfu ya nakala zinazofanana. Bandai wana kiwanda chao Shizuoka, na hesabu yao ni ya maelfu hayo.

Rezini ni kazi ya mkono. Mtu anachonga kipande cha kwanza, kwa mkono au kwa kompyuta, anakizungushia silikoni ya maji, silikoni ikiganda anaichana na kupata kalibu laini kama mpira. Kisha anachanganya vimiminika viwili, anamimina, anasubiri, anatoa. Kipande kimoja, kisha kingine. Silikoni nayo haidumu: baada ya kumimina mara kadhaa inaanza kuchanika kwenye kona, na ikishafika makumi machache inatupwa, inatengenezwa nyingine. Unalipia saa za mtu.

Bandai wenyewe waliwahi kuuza vipande vya rezini kwa jina la B-Club, kwa sababu hiyohiyo: roboti lenye wapenzi wachache halistahili kalibu ya chuma. Tatizo ni kwamba siku moja wanaweza kubadili mawazo. Kwa miaka mingi aliyemtaka roboti Deep Striker wa 1/100 alitegemea rezini, akaumia mgongo na mfuko. Mwaka 2018 Bandai wakamtoa kwa plastiki. Ndiyo maana kuna utani kwamba njia ya uhakika ya kumfanya Bandai atoe modeli fulani ni wewe kumaliza kuipaka rangi ile ya rezini.

Modeli mama ninunue ipi?

Ile iliyoandikwa kwenye karatasi ya seti, na si ndugu yake. Hapa watu wengi wanaanguka. Zaku II ya daraja la Bandai liitwalo Master Grade ilitoka mwaka 1995, kisha ikachorwa upya kabisa na kutoka kama Ver. 2.0 mwaka 2007. Zote ni 1/100, zote zimeandikwa Zaku II, na ndani hazifanani hata kidogo: mifupa ni mingine, matundu ni mengine, upana wa goti ni mwingine. Seti iliyopimwa kwa ya 2007 ukiileta kwenye ya 1995 utabaki na miguu isiyo na pa kuingia.

Angalia pia kama seti inatumia mifupa ya ndani ya modeli mama au inaleta yake. Yangu inatumia ya mama, kwa hiyo siwezi kuivunjavunja Zaku ya zamani iliyolegea magoti nikategemea maajabu.

Boksi limefika. Nianze na nini?

Usianze kukata. Najua mkono unawasha. Siku ya boksi ni siku ya kuhesabu, na kazi hiyo ndiyo inayookoa pesa yako, kwa sababu muuzaji wa rezini anaweza kukutumia kipande kilichopungua leo kalibu ikiwa bado nzima. Baada ya miezi sita huenda kalibu imeshatupwa.

Mimi hutandika taulo jeupe mezani. Taulo, kwa sababu kipande kikianguka hakidundi. Naufungua mfuko mmoja, navipanga vipande kwa kufuata mchoro, napiga picha, navirudisha mfukoni, ndipo naufungua wa pili. Mifuko miwili kwa pamoja ni mwanzo wa kelele. Vipande vya rezini haviji vikiwa vimeshikana kwenye matawi yenye namba kama vya plastiki; vinakuja vimelegea, na pembe ya kulia na ya kushoto zinaweza kutofautiana kwa mteremko mdogo tu unaouhisi kwa ukucha.

Halafu kagua takataka. Kila kipande kina kikonyo, yaani lile gogo dogo mahali rezini ilipoingilia, na wakati mwingine vipande vidogo sana huachwa kwenye kikonyo chao ili visipotee. Kwenye seti yangu ya kwanza nilikata magogo yote kwa furaha nikayamwaga kwenye pipa. Wiki mbili baadaye natafuta antena ya kichwani. Nikaangalia mchoro vizuri: antena ilikuwa imelala ubavuni mwa gogo, nyembamba kama kijiti cha kiberiti kilichopasuliwa mara nne. Gari la taka lilikuwa limeshapita.

Siku hizi hata mfuniko wa boksi nauangalia kwa ndani. Mara moja nilikuta waya wa chuma umebandikwa huko kwa selotepu.

Nimehesabu, kimepungua kimoja. Nifanyeje?

Hesabu tena kesho asubuhi. Kisha mwandikie muuzaji maneno machache: namba ya oda, namba ya kipande kwenye mchoro, picha ya mfuko husika uliopangwa mezani. Ukiandika kwa Kijapani cha programu ya kutafsiri, tumia sentensi fupi fupi. Usianze na lawama. Mara nyingi unaongea na mtu mmoja anayemimina rezini usiku baada ya kazi yake ya mchana, na yeye ndiye mwenye kalibu.

Mimi safari hii kilichokosekana ni kipande namba 41, kifuniko cha kifundo cha mguu wa kushoto. Nilituma picha tano. Jibu lilirudi siku iliyofuata: samahani, tunatuma.

Kwa nini vipande vinateleza kama vina mafuta?

Kwa sababu vina mafuta. Kalibu hupuliziwa dawa ya kuzuia rezini isigande nayo, na dawa hiyo inabaki juu ya kipande. Usipoiosha, rangi itabanduka vipande vipande kama ngozi ya nyoka, na gundi nayo itakusaliti.

Maji ya uvuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo, mswaki wa zamani. Sugua hasa kwenye mistari iliyochongwa na kwenye kona za ndani. Weka chujio la chai juu ya tundu la sinki. Hili nalisema kwa uchungu. Suuza, kisha acha vikauke vyenyewe kwenye taulo. Ila osha baada ya kuhesabu na kupiga picha. Kipande kikipotelea kwenye povu, huna haki ya kumdai muuzaji.

Kasoro zipi ni za kawaida, na zipi nilalamikie?

Vitundu vya hewa ni vya kawaida. Rezini ikimiminwa inabeba viputo, na fundi mzuri huvitoa kwa mashine ya kunyonya hewa au huvibana kwa shinikizo, ila viwili vitatu hupenya. Vichokonoe kwa sindano uone kina chake, kwa maana vingine vina mdomo mdogo na tumbo kubwa. Jaza kwa supa gluu na poda ya mtoto, acha ikauke, piga msasa.

Utando mwembamba pembezoni mwa kipande, pale kalibu mbili zilipokutana, ni wa kawaida pia. Unatoka kwa ukucha. Mshono unaozunguka kipande chote nao ni wa kawaida ikiwa unauona kwa jicho tu. Ukiushika na kuhisi ngazi, yaani nusu moja ya kipande imepanda juu ya nyingine, basi kalibu ilihama wakati wa kumimina. Ngazi ya unene wa karatasi unaweza kuisawazisha kwa tupa. Ikizidi hapo, hasa kwenye kitu cha duara kama bomba la injini, lalamika. Duara lililohama halirudi kuwa duara. Unapiga msasa unapata yai.

Kona iliyokatika na tundu la kiungo lililoziba kwa rezini yanategemea. Tundu unaweza kulifungua kwa keekee ya mkono. Kona ya bega, mahali ambapo jicho linatua kwanza, mimi naomba kipya.

Upanga umepinda kama ndizi. Umeharibika?

Hapana. Rezini ikipata joto inalainika, na vipande virefu hupindia ndani ya mfuko safarini. Mimina maji ya chupa ya chai kwenye sinia, yale yaliyopoa kidogo hadi nyuzi 70 au 80 hivi, zamisha upanga kwa nusu dakika, unyooshe taratibu juu ya kioo, kisha uzamishe kwenye maji baridi ukiwa bado umeukandamiza. Ukirudi nusu, rudia.

Kumbuka kwamba joto lililounyoosha linaweza kuupinda tena. Aliyezoea kuacha vitu kwenye gari lililoegeshwa juani mchana wa Januari anajua nazungumzia nini.

Naweza kutumia gundi yangu ya modeli za plastiki?

Haishiki. Gundi ile haigandishi kitu. Inayeyusha plastiki ya pande mbili zikawa kitu kimoja. Rezini haiyeyuki kwayo, kwa hiyo utapata unyevu tu. Tumia supa gluu, au gundi ya epoksi ya mirija miwili kwa sehemu zinazobeba uzito.

Na kwa sehemu hizo gundi peke yake haitoshi. Toboa tundu la milimita moja pande zote mbili, ingiza kipande cha waya wa shaba, ndipo utie gundi. Ili matundu yakutane, weka tone la rangi upande mmoja, bandika, achanisha: doa lililohamia ndipo pa kutoboa. Fundi seremala yeyote atakucheka kwamba unaita hii siri.

Kwa sisi wa pwani, jambo moja zaidi. Supa gluu hukauka kwa unyevu wa hewani, na Dar unyevu si wa kutafuta. Chupa ikishafunguliwa inaweza kukugandia ndani ya mwezi. Mimi naifunga kwenye kopo lenye vile vifuko vya kukausha unyevu, naliweka kwenye friji, na nikilitoa sifungui mpaka liishe ubaridi. Ukiifungua ikiwa baridi, inatoa jasho kwa ndani, na umemaliza kazi.

Roboti litasimama kweli na uzito wote huo?

Swali zuri, na jibu lake si lile watu wanalodhani. Kwa ujazo uleule rezini na plastiki ya modeli hazipishani sana kwa uzito. Tofauti ni kwamba kipande cha plastiki ni ganda, ndani kitupu, wakati cha rezini kimejaa mwanzo mwisho. Mkoba wa mgongoni wa seti hii, ukiushika, ni kama kokoto. Ukiuweka kwenye Zaku ya plastiki, anaangalia dari na kuanguka kinyumenyume.

Dawa yake ni kuanza chini. Miguu ya seti yangu nayo ni ya rezini, kwa hiyo inasaidia kushikilia ardhi. Kinachosumbua ni kati: nyonga na vifundo vya plastiki vinavyobeba rezini juu na chini. Kama hutaki kumchezesha, gandisha vifundo katika mkao mmoja na upitishe waya wa shaba kutoka unyayoni hadi kwenye kibao cha kusimamia. Kama unataka ajongee, chimba mkoba kwa ndani, upande usioonekana, upunguze nyama. Mimi nimechimba. Ulikuwa usiku mrefu.

Vumbi lake ni hatari?

Usilivute. Ni laini sana na linakaa hewani, na mapafu hayana kazi nalo. Piga msasa ndani ya bakuli la maji, msasa wa maji upo kila duka la rangi za magari, na vaa barakoa ya vumbi inayobana puani, si kile kitambaa cha mtindo. Maji yakichafuka yachuje kwa kitambaa utupe tope.

Mwaka juzi nilipiga msasa mkavu chumbani, feni inazunguka. Asubuhi chandarua kilikuwa cheupe.

Nitajuaje kama niliyouziwa ni nakala ya wizi?

Mchezo wenyewe ni huu: mtu ananunua seti halali, anaifanya kuwa kipande cha kwanza, anatengeneza kalibu juu yake na kuuza nakala. Kwa kuwa rezini husinyaa kidogo ikiganda, nakala inakuwa ndogo kidogo kuliko asili yake, na mistari iliyochongwa inakuwa imelala kama maandishi ya sarafu iliyochakaa. Kwenye seti za kugeuzia, usinyaaji huo ndio unaouma, kwa sababu kipande kinatakiwa kiingiane na plastiki ambayo haikusinyaa.

Upande wa haki ni mgumu zaidi. Hata mchongaji wa asili hana ruhusa ya kuuza roboti la Gundam kwa sababu tu amelichonga yeye. Huko Japani kuna utaratibu wa ruhusa ya siku moja: kwenye Wonder Festival, soko kubwa linaloandaliwa na kampuni ya modeli ya Kaiyodo mara mbili kwa mwaka pale Makuhari Messe, Chiba, mchongaji anaomba ruhusa kwa mwenye hakimiliki, anauza idadi aliyokubaliwa siku hiyo, jioni ruhusa inakwisha. Ndiyo maana seti halali huadimika haraka, na ndiyo maana bei ikiwa ya kutupa na boksi halina jina la mtu yeyote, unajua umekaa upande gani.

Na kama vipande vimechapwa kwa printa badala ya kumiminwa?

Siku hizi ni vingi. Utavijua kwa mistari myembamba kama alama za vidole na vidoti pale nguzo za kushikilia zilipokatwa. Rezini hii ni nyingine, inagandishwa kwa mwanga. Kipande kikinata mkononi bado hakijaiva: vaa glovu, kioshe kwa spiriti, kiweke juani kwa muda. Usizidishe, kinakuwa kikavu na kuvunjika kama biskuti.

Nipake rangi gani ya kwanza?

Praima ni lazima, kwa sababu rangi ya kawaida haishiki vizuri kwenye rezini. Makopo ya kupulizia hayaruhusiwi kwenye barua za ndege, kwa hiyo usiyaagize Japani pamoja na boksi. Praima ya magari inaishika rezini barabara. Ila ni kali kwa plastiki ya modeli mama: ukiipiga nzito, uso unachubuka. Jaribu kwanza kwenye tawi la plastiki unalotaka kutupa, na upige nyepesi nyepesi. Siku za masika, mvua ikiwa inanyesha, acha kabisa. Rangi inakauka na ukungu mweupe juu yake.

Ushuru je?

Weka akilini kwamba mahesabu hufanywa juu ya bei pamoja na nauli, si bei peke yake. Juu yake kuna VAT, asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, na ushuru wa forodha. Mwombe muuzaji aweke ankara yenye bei halisi nje ya boksi. Boksi lisilo na ankara huenda likafunguliwa na kukaguliwa, na mkaguzi hana taulo jeupe.

Mtu anayeanza anaweza kununua hii?

Anaweza, kama ameshaunda modeli mbili tatu za plastiki na kuzipaka rangi. Modeli za Gundam za plastiki za leo hujipachika zenyewe bila gundi. Rezini haikusaidii chochote. Anza na seti ndogo, kichwa na mabega tu, vipande kumi hivi.

Yako imefika wapi?

Kichwa kimekaa, mkoba umekaa, mguu wa kulia unasimama peke yake mezani, vyote vimepachikwa bila gundi. Mguu wa kushoto umefungwa kwa mpira wa kufungia noti, kifundo kiko wazi. Mdogo wangu ameacha kuuliza bei. Sasa anauliza kipande namba 41 kitafika lini.